Mkono Unaoziba Maikrofoni: Sauti ya Metali Studioni na Jukwaani

Kila onyesho la muziki wa metali (heavy metal) linapokwisha, nikiwa bado nakunja nyaya, hakosi shabiki wa kunisogelea na kuniuliza kwa nini mwimbaji hakusikika kama anavyosikika kwenye albamu. Wengine huuliza kwa upole, wengine kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia sauti yake. Kazi yangu ni ufundi wa mitambo ya sauti hapa Nairobi, studioni na jukwaani, na jibu langu halijabadilika kwa miaka yote hii: sauti inayodaiwa haikupata kutoka kooni mwa mtu yeyote kwa mkupuo mmoja, na hata hiyo iliyotoka kooni usiku huo haikuwafikia wasikilizaji kama ilivyotoka.

Chukua albamu ya kwanza ya bendi ya Deicide, iliyorekodiwa na prodyuza Scott Burns katika studio za Morrisound huko Tampa, Florida, na kutolewa mwaka 1990. Mwimbaji wao, Glen Benton, anasikika akinguruma kwa sauti nzito na, katika maneno yaleyale, akipiga ukelele mwembamba unaopanda juu ya mngurumo huo. Ni koo moja lililorekodiwa zaidi ya mara moja, kisha matabaka yakalazwa pamoja. Jukwaani Benton ana koo moja tu, na mikononi ana gitaa la besi, hivyo hana budi kuchagua ni ipi kati ya sauti hizo mbili itakayobeba kila mstari. Anayelalamika kwamba nusu ya sauti imepotea anasema kweli, ila hakuna aliyeipoteza.

Kisha kuna suala la pumzi. Studioni mstari wa pili unaweza kuanza kabla wa kwanza haujaisha, kwa kuwa kila mmoja ulirekodiwa peke yake, na pale mwimbaji alipovuta hewa panaweza kukatwa pasibaki alama. Jukwaani hewa ni lazima ivutwe, tena na mtu aliyekuwa akiruka na kutikisa kichwa sekunde chache zilizopita. Binafsi, nikitaka kumpima mwimbaji, hapo ndipo ninapotega sikio: anavuta hewa wapi, na anatoa neno gani kafara ili aipate.

Wasikilizaji wengi hushangaa nikiwaambia kwamba mngurumo wa metali, ukipigwa kwa ufundi, si sauti kubwa. Mikwaruzo ile hutokana kwa sehemu kubwa na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ambayo hutikisika mwimbaji anapoibana huku akisukuma hewa kwa kiasi, na mwenye mazoezi huweza kuitoa bila kupaza sauti kupita mtu anayezungumza kwa mkazo. Katika chumba kimya cha studio hilo si tatizo. Kompresa, kifaa cha kusawazisha sauti, hukandamiza vilele vyake, kisha fundi hukipandisha kiwango chote, hadi mkia wa pumzi na mate yanayochemka kooni vikasikika kama vile zimwi limesimama begani mwako. Ukubwa wa zimwi hilo, kwa sehemu isiyo ndogo, ni kazi ya kompresa.

Wakati mwingine studio hutoa kitu ambacho koo lenyewe halikukipanga. Mwaka 1982, Iron Maiden walipokuwa wakirekodi albamu ya The Number of the Beast, prodyuza Martin Birch alimrudisha Bruce Dickinson kwenye mistari ya mwanzo ya wimbo wenye jina hilo, tena na tena, kwa saa kadhaa, hadi mwimbaji akachemka kwa hasira. Dickinson mwenyewe amesimulia kwamba hasira hiyo iliingia katika ule ukelele mrefu unaofuata mistari hiyo. Tangu hapo amekuwa akidaiwa ukelele huo usiku baada ya usiku, bila zile saa za kuchokozwa. Katika ziara yao ya 1984 na 1985, iliyokuwa na maonyesho zaidi ya 180, aliutoa, na rekodi za Long Beach, California, za Machi 1985 zilizomo kwenye albamu ya jukwaani ya Live After Death zinaonyesha kwamba jukwaani unaweza kutoka kwa nguvu ya misuli na pumzi.

Lakini albamu ya jukwaani nayo si ya kuaminiwa kwa macho makavu. Judas Priest walirekodi Unleashed in the East (yaani Imefunguliwa Mashariki) mjini Tokyo mnamo Februari 1979, na baadaye mwimbaji wao Rob Halford akakiri kwamba sauti yake iliimbwa upya studioni. Mashabiki, kwa utani, waliigeuza jina ikawa imefunguliwa studioni badala ya Mashariki. Sioni aibu hapo, maana koo lililoharibika haliwezi kunyooshwa kwa mikseri, meza ya kuchanganyia sauti. Metallica nao, tangu katikati ya miaka ya 1990, huzishusha gitaa zao nusu toni jukwaani ili mwimbaji wao James Hetfield asilazimike kupanda hadi alikopanda akiwa kijana, na wengi hawatambui.

Jukwaani adui wa kwanza ni ngoma. Mpiga ngoma wa metali akiwa mita mbili nyuma ya mwimbaji, matoazi huingia ndani ya maikrofoni bila kubisha hodi, na kwa kuwa mngurumo wenyewe si mkubwa, mwimbaji akiisogeza maikrofoni kutoka sentimita 2 hadi 4 tu, sauti yake hushuka kwa takriban desibeli 6 ilhali matoazi yanabaki palepale. Asipoisikia sauti yake mwenyewe, ataanza kupayuka. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza tabia hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Kwa mwimbaji wa metali hapo ufundi huvunjika, mngurumo ukageuka kuwa kelele za kooni, na kufikia wimbo wa nne koo limekauka.

Nililiona hilo kwa kijana mmoja wa bendi changa, mwenye mngurumo bora kuliko wengi niliowahi kuwapandishia sauti. Tulipokuwa tukijaribu mitambo alikifunika kichwa cha maikrofoni kwa viganja vyote viwili, ugonjwa walio nao pia MC wa harusi, akaniambia, "Mzee, niongezee, sijisikii." Niliongeza kidogo, spika zikapiga mluzi. Maikrofoni za aina hiyo zina matundu nyuma ya wavu, yanayoisaidia kuikataa sauti inayotoka nyuma. Ukiyaziba, inasikia pande zote: spika zilizo miguuni pako, matoazi, kila kitu. Nilimwomba ashike mpini. Akajaribu, akakunja uso. "Sasa imekuwa nyembamba."

Alikuwa sahihi, kwa sababu viganja vilikuwa vimetengeneza kijichumba kinachonenepesha masafa ya kati, na sikio lake lilikuwa limezoea unene huo. Nilimrudishia uzito kidogo chini ya hezi 250, yaani upande wa besi, nikapunguza gitaa katika spika zake, kisha nikamwomba akae karibu na wavu kiasi cha midomo kuugusa. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa dawa asiyoiamini, lakini akashika mpini.

Kesho yake nilimpelekea rekodi niliyoichukua moja kwa moja kutoka kwenye mikseri. Alinipigia simu kuuliza nimemwongezea nini baada ya onyesho. Sikuwa nimegusa chochote. Nilimwambia ausikilize wimbo wa tatu, ambao katikati yake alisahau na kurudisha viganja kwenye wavu, na matoazi yakamfunika hadi mwisho wa kiitikio.