Je, wajua kwa nini asiyekula kitimoto anaweza kupata kifafa kinachotokana na nguruwe?

Chanzo ni tegu wa nguruwe, kwa jina la kitaalamu Taenia solium. Mtu akila nyama yenye vifuko vya lava wake, na nyama hiyo haijaiva, hapati kifafa kutokana na mlo ule. Anapata tegu: mnyoo bapa wa mita 2 hadi 4 anayekaa kwenye utumbo mwembamba, mara nyingi bila maumivu ya kumfanya aende zahanati. Baada ya miezi 2 hivi tegu huanza kuachia vipingili vinavyotoka na choo kikubwa, na kipingili kimoja kinaweza kuwa na mayai 50,000. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai hugeuka vifuko kwenye misuli yake.

Binadamu naye akiyameza mayai hayo, vifuko huota mwilini mwake. Njia ni nyingi: mikono ya mpishi mwenye tegu asiyenawa, maji ya kisima, mboga za vinyungu (bustani za mabondeni) zilizooshwa juu juu. Vikifika kwenye ubongo, mtu huanza kuanguka, pengine miaka kadhaa baadaye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 hivi ya kifafa inatokana naye. Kwa hiyo anayekula kitimoto kibichi hupata tegu, na mwenye tegu ndiye anayewaambukiza kifafa watu wa nyumbani kwake, wale nyama wasile. Anaweza hata kujiambukiza mwenyewe.

Hospitali inamwona mgonjwa, afisa mifugo anamwona nguruwe, mchinjaji anaiona nyama. Mnyororo mzima uko kijijini, na hauwezi kuonekana mpaka wanakijiji wenyewe wahesabu. Utafiti wa wilaya za Mbozi na Mbeya Vijijini, kusini magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba nguruwe 3 hivi kati ya 10 walikuwa na dalili za maambukizi kwenye damu. Waliogundulika kwa kutazamwa ulimi walikuwa wachache zaidi.

Kazi ya kuhesabu huanzia kwenye mkutano wa kitongoji, wakiwapo mwenyekiti, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa mifugo wa kata. Watafiti wa nje lazima waje na kibali cha maadili kinachopitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kila kaya ikubali kwa hiari. Kisha nyumba zinapitiwa moja moja: choo kipo? Kina mlango ambao nguruwe hawezi kuusukuma? Watoto wadogo wanajisaidia wapi? Na wanaoshinda shambani je? Swali hili la mwisho husahaulika sana, ilhali kaya yenye choo kizuri nyumbani inaweza kuwa inatumia kichaka kutwa nzima wakati wa palizi.

Msimu nao unadanganya. Januari, mahindi yakiwa shambani, nguruwe wengi wamefungiwa ili wasiharibu mazao. Baada ya mavuno, kuanzia Julai, wengi huachiwa wajitafutie. Anayehesabu mara moja tu, tena wakati wa mvua, ataandika kwamba kijiji kinafuga ndani. Hesabu ifanyike misimu yote miwili, na mfugaji aulizwe kwa nini anafungulia. Mara nyingi atataja chakula: pumba zimekwisha, na machicha ya pombe ya komoni hayatoshi. Kumhubiria usafi mtu wa namna hiyo hakusaidii kitu. Anachohitaji ni mpango wa lishe ya nguruwe kwa miezi ya kiangazi.

Kipimo cha ulimi hakihitaji mashine. Nguruwe hulazwa ubavu na kushikwa imara, kijiti kigumu kikawekwa mdomoni asifunge taya, ulimi ukavutwa kwa kitambaa, kisha upande wa chini ukatazamwa na kupapaswa. Kifuko ni kivimbe cheupe au angavu, ukubwa wa punje ya mahindi. Ukikikuta, unaweza kuwa na uhakika. Usipokikuta, bado huwezi kusema nguruwe ni mzima, kwa sababu kwa mwenye vifuko vichache mara nyingi havionekani kwenye ulimi.

Kwa upande wa watu, usiulize hadharani nani ana kifafa. Mhudumu wa afya aulize faraghani kama kuna aliyewahi kuanguka na kupoteza fahamu, hasa aliyeanza ukubwani. Huyo apelekwe hospitali apewe kwanza dawa za kuzuia kuanguka. Dawa za minyoo kama praziquantel na albendazole asipewe kabla ubongo haujapigwa picha, kwani vifuko vikifa ghafla ubongo huvimba na hali ikawa mbaya zaidi. Tahadhari hiyo ihusu hata ugawaji wa praziquantel ya kichocho.

Mrejesho ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Matokeo yasomwe kwa kitongoji, bila jina la kaya. Faini zikitangulia, nguruwe wenye vifuko watachinjwa usiku na nyama itaishia kilabuni bila mkaguzi kuiona. Ni afadhali mchinjaji awe mshirika tangu mwanzo: akate vipande vidogo, achemshe kwanza mpaka wekundu wote uishe katikati, ndipo akaange. Pande kubwa la kuchoma huungua nje na kubaki bichi ndani.

Nguruwe hutibiwa kwa oxfendazole, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja, chini ya daktari wa mifugo. Asichinjwe kabla ya siku 21. Hata baada ya hapo vivimbe vya vifuko vilivyokufa huweza kuhisika kwa wiki kadhaa, na mchuuzi anayepapasa ulimi atamkataa au atashusha bei. Kwa hiyo tarehe ya dawa iandikwe kwenye daftari la kijiji, na wachuuzi waelezwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, vinginevyo mfugaji aliyetibu ndiye atakayepata hasara na msimu ujao hatatibu.