Melanoma ya puru: si kila damu ya haja kubwa ni bawasiri

Malalamiko mawili hayaishi kufika katika maabara zetu za patholojia, zinazochunguza vipande vilivyotolewa mwilini: kwamba majibu yanachelewa, na kwamba kukata kinyama cha kupima "kunaamsha" saratani. Melanoma ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) na njia ya haja kubwa inatosha kuyajibu yote mawili.

Wengi wanaijua melanoma kama saratani ya ngozi inayoletwa na jua. Lakini seli zinazotengeneza rangi ya mwili zipo hata katika njia ya haja kubwa, na jua halihusiki huko. Ugonjwa huu ni adimu, haufiki asilimia 2 ya melanoma zote, na huwapata zaidi wenye umri mkubwa. Dalili zake ni damu, maumivu na kinyama kinachochomoza. Basi mgonjwa hujipaka dawa ya bawasiri, akimaliza hii anajaribu ile, na miezi inakatika. Tafadhali, bawasiri haithibitishwi kwa maelezo ya jirani.

Kwa ujumla, wanaofikisha miaka 5 tangu kugundulika hawazidi sana mmoja kati ya watano. Wastani huo usimkatishe mtu tamaa, maana umechanganya waliowahi na waliochelewa. Uvimbe ukiwa bado mahali pake, matumaini ni makubwa zaidi. Ukifika kwenye tezi za limfu za kinena au za nyonga yanapungua, na ukifika kwenye ini au mapafu yanapungua sana. Sisi maabara tunapima unene wa uvimbe kwa milimita, tunaangalia kama seli zimefuata neva, na kama kingo za nyama iliyokatwa ni safi, yaani hazina saratani. Pale kingo safi zinapopatikana kwa upasuaji mdogo, tafiti hazijaonyesha kwamba kuondoa puru yote na kuvaa mfuko wa choo maisha yote kunamwongezea mgonjwa uhai, ingawa uamuzi ni wa daktari wake.

Sasa kuhusu kuchelewa. Kinyama kinatakiwa kiwekwe mara moja katika formalini ya asilimia 10 (dawa ya kuhifadhia nyama isioze), si maji wala spiriti, kwenye chombo chenye jina, namba ya mgonjwa na mahali kilipotolewa. Kisicho na jina kinarudishwa. Kikishakauka au kuoza, hakuna mtaalamu atakayekiokoa. Baada ya formalini huingizwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba vya takriban maikromita 4, kisha hupakwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Baadhi ya melanoma hizi hazina weusi wowote na hufanana na saratani nyingine, hivyo tunalazimika kuongeza rangi maalumu za kutambua protini za seli. Siku hizo za ziada ndizo zinazomwepusha mgonjwa na tiba isiyo yake.

Kuhusu "kuamsha": kukata kinyama hakuamshi saratani. Aliyepimwa akiwa amechelewa huzidiwa na ugonjwa uliokwisha kusambaa, kisha lawama inabebeshwa kisu.

Ukitolewa bawasiri au kinyama chochote, uliza kimepelekwa maabara gani na uchukue nakala ya majibu. Ukihamia hospitali nyingine, omba pia kile kipande cha nta, kwa kuwa kinaweza kupimwa mabadiliko ya KIT (moja ya jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli), ambayo yakiwepo humfungulia mgonjwa dawa ambazo wengine haziwafai.