Mamlaka ya nafsi: neno la mwisho linakaa kwa nani?

Mama yangu mdogo anaanika dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba dagaa mkavu ukimvunja analia, mbichi anapinda. Siku moja nikamwona anachukua mmoja kwenye chanja, anamvunja, kach, halafu anamgeukia jirani: "Eti dada, hawa wamekauka?" Jirani hata hakuwagusa. Alitupa jicho tu, akasema, "Waache kidogo." Akawaacha. Jioni ikashuka mvua kabla hajaanua.

"Nilijua, mwanangu," aliniambia huku akikamua kanga. Alijua kweli, maana kach niliisikia hata mimi.

Hapo ndipo penye maana ya mamlaka ya nafsi: haki mtu anayojipa ya kuamini alichokiona, akaamua, akabeba matokeo yake bila kusubiri agongewe muhuri na mwingine. Ujuzi ni kitu kingine. Unaweza kuwa nao tele na bado ukawa unaomba ruhusa ya kuutumia.

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha hili huko Marekani. Aliwaonyesha watu mstari, wachague ulio sawa nao kati ya mitatu. Kazi ya mtoto, kwa kweli. Ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu moja la uongo. Karibu robo tatu ya waliopimwa walilifuata kosa hilo angalau mara moja, na baadhi walikiri baadaye kwamba waliona vizuri, hawakutaka tu kuonekana tofauti. Akitokea mmoja wa kusema kweli, wafuasi walipungua sana.

Mwenzake wa nchi hiyohiyo, Carl Rogers, aliutafuta mzizi utotoni. Mtoto akipendwa pale tu anapofurahisha wakubwa, anajifunza kujipima kwa mizani ya watu. Anakua, anaoa au kuolewa, ana biashara yake, na mizani bado iko kwa jirani.

Sasa wapo watakaosema huu ni ukaidi uliovishwa suti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sivyo? Ndivyo. Ila mtaani tunasema pia akili za kuambiwa, changanya na zako, na sioni methali hizo zinagombania nini. La mkuu unalisikia. Mwenye kuchanganya ni wewe. Mkaidi haulizi kabisa. Mwenye mamlaka ya nafsi anauliza asichokijua, kwa anayekijua. Jirani yule alikuwa na nini ambacho mama mdogo hakuwa nacho mkononi? Hakuna. Swali lake lilikuwa ombi la baraka, na baraka za namna hiyo haziishi kuombwa: leo dagaa, kesho bei, keshokutwa posa ya binti.

Siku hizi mama mdogo bado anauliza. Akiona wingu zito anamfuata mzee mmoja mvuvi, mtu aliyelisoma ziwa hili tangu ujana wake. Kuhusu kukauka haulizi tena. Juzi alikosea, akaanua mapema, nusu kiroba kikaota ukungu. Alikimwaga, akapewa pole zake, na kesho yake akavunja wawili badala ya mmoja.