Msimamizi wa mirathi sio mrithi, na wala sio mdhamini wa mtoto

"Mtoto yuko salama, baba yake mdogo ndo kachaguliwa msimamizi." Hii kauli nimeisikia misibani mara nyingi mno, na kila anayeitamka anaitamka kwa nia njema kabisa, anajua hilo limeisha. Mara nyingi mtoto mwenyewe anayezungumziwa ana ulemavu. Juzi nimeisikia tena kwenye kikao cha ukoo wa jirani yangu, Jumamosi baada ya arobaini, tumekaa kwenye mikeka, nikashindwa kunyamaza.

Maana yake kwa haraka. Msimamizi wa mirathi ni mtu anayeteuliwa na mahakama (ukoo unapendekeza tu, hauteui) ili akusanye mali za marehemu, alipe madeni, awagawie warithi haki zao, kisha arudishe hesabu mahakamani. Basi. Hapa Tanzania, kwenye Mahakama ya Mwanzo anapewa miezi 4 apeleke orodha ya mali na madeni, ile Fomu Na. 5, halafu hesabu zinafuata kwenye Fomu Na. 6, na mirathi ikiwa imefunguliwa chini ya ile Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ni miezi 6 kwa orodha na mwaka 1 kwa hesabu. Mahakama inaweza kumuongezea muda, lakini ona wenyewe, kazi hii inahesabiwa kwa miezi. Mtoto wa miaka 9 mwenye ulemavu mkubwa wa akili anaweza kuhitaji mtu wa kumshikia hela zake miaka 50.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni neno lenyewe, maana nadhani hapo ndo tunapoteleza. Msimamizi limetoka kwenye simama, simamia, neno letu la Kibantu kabisa, ni mtu aliyesimama juu ya kazi ya mwenzake mpaka iishe. Anayesimamia ujenzi, nyumba ikiisha anakabidhi funguo na kuondoka, hahamii na familia yake, na mwalimu anayesimamia mtihani haandiki jina lake kwenye karatasi ya mwanafunzi. Mrithi ni neno jingine kabisa, limekuja na Kiarabu, mzizi mmoja na mirathi na urithi. Sasa ukiyaweka pamoja, "msimamizi wa mirathi", sikio linadaka lile la mwisho na kusikia "mrithi", na nimeshaona watu wazima waliosoma vizuri wanaandika "msimamizi mrithi" kana kwamba ni cheo kimoja.

Na kuna neno tumeliacha ambalo lingetusaidia sana, wasii. Linatoka shina moja na wosia. Kwenye sheria ya Kiislamu wasii ni yule ambaye mzazi anamuachia wosia kuhusu watoto wake wadogo na mali yao, yaani marehemu mwenyewe kamchagua akiwa hai, kamwambia fanya hivi na hivi kwa mwanangu. Lipo mpaka leo kwenye cheo cha Kabidhi Wasii Mkuu pale RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na watu wengi wanalisoma kwenye karatasi bila kujua kwamba limebeba wazo zima la kumkabidhi mtu watoto wako. Kwenye maongezi yetu tumelitupa, tumebaki na "msimamizi" tu, tumembebesha kazi tatu: kugawa mali, kulea, na kushika hela za asiyeweza kuzishika.

Anayelea ni mlezi, hapo hakuna utata, kulea ni kulea. Lakini mlezi kisheria anaenda na mtoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Hiyo siku ya kutimiza 18 ulemavu hauondoki. Na mlezi mzuri sio lazima awe ndo mshika hela, kuna shangazi anajua kumuogesha huyu mtoto, anajua anakula nini na analia kwa sababu gani, ila ukimpa kodi ya nyumba nne zitayeyuka kwa sababu hajui kumnyima mtu hela.

Anayeshika mali kwa faida ya mwingine kwa muda mrefu ni mdhamini, na hili nalo limechakaa. Ukisema mdhamini mtu anafikiria polisi na dhamana, au mkopo wa benki, au kampuni iliyoweka jina kwenye jezi. Nazungumzia mdhamini kama wale wa msikiti au wa kanisa, bodi ya wadhamini, kiwanja kiko kwa jina la bodi na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuamka asubuhi akauza, kwa sababu wanakishika kwa ajili ya waumini. Mzazi anaweza kufanya kitu cha aina hiyo kwa mtoto mmoja. Anaandika kwenye wosia kwamba nyumba fulani naiacha mikononi mwa fulani na fulani kama wadhamini, kodi yake iende kwenye matunzo ya mwanangu maisha yake yote, na siku akifariki ibaki kwa wafuatao. Wawe wawili, waambiwe mapema na wakubali, na ukiweza usimuweke mdhamini ambaye ndo atakayepata nyumba mtoto akifa, maana unampa mtihani mzito bure. Hiyo karatasi iandikwe na wakili, RITA nao wanaandika wosia na kuutunza. Kwa Muislamu hesabu inabadilika kwa sababu wosia hauzidi theluthi ya mali na haumwendei mrithi mpaka warithi wengine waridhie, kwa hiyo wengi wanaotaka kumuongezea mtoto wanatumia hiba, yaani zawadi, wakiwa hai, au wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe ili faida yake iende kwa waliotajwa, na Zanzibar kuna kabisa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Yote haya yanafanyika mzazi akiwa mzima. Kikao cha baada ya arobaini kimeshachelewa, pale unachoweza kupendekeza ni msimamizi tu.

Turudi kwenye kile kikao, kwa sababu kilikuwa na kosa la pili ambalo mimi liliniuma kuliko la kwanza. Kijana mwenyewe ana miaka 26, ana mtindio wa ubongo, mikono inajikunja na anaongea kwa taabu. Alikuwa amekaa pembeni ya mlango kwenye kiti chake cha magurudumu, watu wanapita wanamgusa kichwa kama mtoto mdogo. Wakati wazee wanahesabu vyumba vya kupangisha wakafika chumba cha tatu, mmoja anasema mpangaji kalipa mpaka mwezi wa kumi na mbili, mwingine anasema hapana, daftari la marehemu halionekani. Kijana akaanza kuongea. Ilimchukua karibu dakika nzima na mtu wa pembeni yake akataka kummalizia sentensi, mama yake akamwambia muache. Alisema, "Huyo... hajalipa... miezi miwili. Ana... chenji yake... elfu kumi." Alikuwa anakaa na baba yake kila mwisho wa mwezi wakati kodi inaingia, alikuwa na daftari zima kichwani.

Yaani watu walikuwa wanatafuta wa kumshikia mali mtu ambaye ndo pekee aliyekuwa anaijua ile mali. Mtindio wa ubongo unaweza kushika viungo na ulimi na ukaacha akili vile vile. Huyu ni mtu mzima na ni mrithi, anatakiwa aulizwe na akubali au akatae kwa kinywa chake hata kama kinywa kinachelewa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 12 imetaja waziwazi haki ya kumiliki na kurithi mali na kuendesha mambo yako ya fedha mwenyewe, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Asiyeona, asiyesikia, wa kiti cha magurudumu, hahitaji mdhamini kwa sababu tu ana ulemavu. Anaweza kuhitaji mkalimani wa lugha ya alama, au mtu wa kumsomea karatasi kabla hajaweka dole gumba, na huo ni msaada, mwenye mali anabaki yeye. Na kwa yule ambaye kweli hawezi kuamua, hilo linasemwa na mahakama, halisemwi na sisi kwenye mkeka.

Muhtasari ulikuwa umeshaandikwa kwenye fulskepu, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Msimamizi na mrithi wa mali kwa niaba ya mtoto mlemavu ni baba yake mdogo." Nikamuomba katibu tuuandike upya, hakukataa, alikuwa anafikiri ndo lugha ya mahakamani. Tukaandika kwamba kikao kimempendekeza fulani kuwa msimamizi wa mirathi, na warithi ni mke wa marehemu na watoto watatu, na jina la kijana likaingia kama la wenzake, bila neno "mlemavu" mbele yake. Aliweka dole gumba mwenyewe, mama yake akashika karatasi isiteleze.

Kwa hiyo baba mdogo, na najua huna ubaya na yule kijana, umemnunulia pampasi na dawa kwa hela yako tangu msiba, wapangaji wakikuuliza wewe ni nani kwenye zile nyumba usiwaambie mali iko chini yako. Waambie unasimamia. Na ukishagawa na kurudisha hesabu mahakamani, waambie ulisimamia, kisha uwaelekeze kwake.