"Hiyo Imetoka Muvi Gani?"

Kazi yangu ni kutia sauti ya Kiswahili kwenye muvi za nje, hapa Mtwara mjini, na kuna swali limenichosha. "Kaka, 'steringi hafi' imetoka kwenye muvi gani?" Juzi nimeulizwa tena kwenye banda la chipsi Magomeni, na muulizaji alikuwa keshajijibu: Komando. Haya, tuelewane.

Hakuna muvi ambayo mtu anasimama akasema steringi hafi. Hayo ni maneno ya watazamaji, ya kumtuliza mwenzako kwenye benchi la kibanda umiza pale adui anapomzidi steringi nguvu. "Picha linaanza" nayo ni hivyo hivyo. Leo mtu anaitumia akisimulia alivyoachwa na basi la Masasi. "Picha la Kihindi" ndiyo kabisa: ni kejeli ya mtazamaji kwa hadithi isiyoaminika, wala Mhindi mwenyewe hawezi kuitamka ndani ya picha yake. Semi zetu zinazonukia sinema kuliko zote zimetoka upande wa mabenchi. Skrini haijazitamka.

Rambo? Picha ya 1982, sawa. Ila bibi yangu wa Mikindani hajawahi kuiona na alikuwa anaomba rambo sokoni kila siku. Jina lilimfikia kupitia mifuko iliyochapwa yule komando mwenye kitambaa kichwani. Mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Juni 2019, na jina bado liko midomoni. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni "hasta la vista, baby". Kila mtu anaapa kwamba Schwarzenegger ndiye aliyeileta, akiigiza roboti kwenye Terminator 2 ya 1991. Jamani, itazameni muvi yenyewe! Kabla ya lile tukio la risasi, yule mtoto yuko ndani ya gari anamfundisha roboti namna watu wanavyoongea mtaani, na hilo ni mojawapo ya maneno anayompa. Yaani muvi inakiri hadharani kwamba imeokota. Hasta la vista ni kuagana tu kwa Kihispania, na hata lile "baby" la mwisho lilishasikika kwenye wimbo wa Jody Watley wa 1987. Sasa fikiria tabu ya waliotia sauti kule Hispania. Roboti anamlenga adui aliyeganda barafu, halafu atamke kitu ambacho shangazi anamwambia muuza mkate? Utamu wote unakufa. Wakambadilishia, akasema "Sayonara, baby". Walichukua Kijapani ili ugeni ubaki! Mimi nawavulia kofia. Wenzetu wengi wangetafsiri "kwaheri mpenzi" wakalala usingizi.

Sikatai kwamba zipo zilizozaliwa ndani ya sinema. Paparazi ni jina la mpiga picha Paparazzo kwenye filamu ya Fellini ya 1960. "Houston, tuna tatizo" imekaa katikati: wanaanga wa Apollo 13 mwaka 1970 walisema tatizo limeshawapata, muvi ya 1995 ikalifanya la sasa hivi, na dunia nzima ikashika la muvi.

Ila kuna jambo linaninyima raha. Kuna mzee wa kungfu niliyemtia mdomoni "utajua hujui", neno la mtaani kabisa, Mchina wa watu hakusema chochote cha namna hiyo. Sasa vijana wa Feri wanalisema kwa kuiga sauti ya yule mzee, ambayo ni sauti yangu. Kwao limetoka wapi? Siwezi kukana kwamba ni kwenye muvi. Na nikikubali hilo, hoja yangu ya hasta la vista inalegea, maana kijana wa Mtwara hakukutana nayo mtaani Los Angeles. Alikutana nayo kwa Schwarzenegger. Akinibana hapo, nabaki na kile kipande cha ndani ya gari tu, nacho wengi huwa wanakiruka ili wafike kwenye risasi.