Mkopo wa asilimia kumi: hiyo kumi si riba

Ukikaa kijiwe cha bajaji pale Kabwe, Mbeya, hukosi kumsikia mtu akisema, "Mkopo wa asilimia kumi? Siutaki, riba yake kubwa." Jina ndilo linalopoteza wengi. Mkopo huu hauna riba hata senti. Hiyo kumi ni fungu la kukopesha wananchi ambalo sheria inaibana kila halmashauri ilitenge kutoka mapato yake ya ndani, yakishatolewa yale yaliyolindwa kwa kazi maalumu. Katika hizo asilimia kumi, nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu.

Na mapato ya ndani ndiyo yapi? Ni ule ushuru anaotoa mama wa soko la Mwanjelwa kabla hata hajapanga mafungu ya nyanya, ni leseni ya duka, ni ushuru wa roli la viazi. Tuseme halmashauri imepata bilioni moja: milioni 100 zinakatwa, yaani 40, 40 na 20. Kwa hiyo fungu la Jiji la Mbeya haliwezi kulingana na la halmashauri ya pembezoni.

Mlengwa ni asiye na ajira rasmi, awe ameshaanza biashara au ndiyo kwanza anataka kuanza. Wanawake na vijana wanaomba kwa kikundi, kuanzia watu watano. Mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba ya kikundi, andiko la mradi na akaunti ya benki. Hati ya kiwanja haiulizwi, maana dhamana ni ninyi wenyewe mlivyoshikamana.

Hapo ndipo penye kasheshe. Kuna vikundi vya kuokotezana: watu watano wamejuana wiki ileile, hela ikitoka wanagawana, huyu kaingiza kwenye parachichi, yule kalipa kodi ya nyumba. Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya ukaguzi kuanika vikundi hewa na madeni yasiyolipwa. Ilirudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mimi ningeungana na watu niliowahi kucheza nao upatu, maana hao nawajua siku ya kutoa hela wanakuwaje.

Marejesho nayo hayaendi Dodoma. Yanabaki halmashauri ileile, kwa ajili ya kikundi kinachofuata kwenye foleni.