Kwa Nini Kuta za Besimenti Jijini Denver Hazisimami Sakafuni?

Je, wajua kwamba katika sehemu nyingi za Denver na miji jirani ya jimbo la Colorado, Marekani, fundi anayegawa vyumba katika besimenti (ghorofa iliyo chini ya ardhi) hasimamishi ukuta wa mbao juu ya sakafu? Fremu ya ukuta hufungwa juu, kwenye boriti zinazobeba sakafu ya nyumba, kisha huachwa ikining'inia, na chini yake hubaki uwazi wa sentimita 4 hadi 8 hivi.

Sababu iko ardhini. Mashariki mwa milima ya Rocky kuna udongo wa mfinyanzi wenye bentonaiti, uliotokana na majivu ya volkano yaliyotua katika bahari iliyofunika eneo hilo zama za dinosaria. Madini yake, montimorilonaiti, yana chembe zenye matabaka membamba mno, na maji yakipenya katikati huyasukuma yaachane, hata udongo mzima ukavimba. Ukikauka, hunywea na kupasuka. Wakazi wa Nairobi na wakulima wa mbuga za Tanzania wanaujua udongo wa jamii hiyo: ni ule mweusi unaonata wakati wa masika na kufanya nyufa kiangazi, ambao mjenzi mwangalifu huuchimba na kuuondoa kabla ya kuweka msingi.

Huko Colorado, kuta za nje za besimenti mara nyingi hukalia nguzo za zege zilizozamishwa hadi kwenye mwamba, kwa hiyo hazisogei kirahisi. Jamvi la sakafu, yaani tabaka la zege lenye unene wa sentimita 10 hivi, humwagwa juu ya ardhi na halibebi nyumba. Theluji inayoyeyuka au maji ya bustani yakifika chini yake, udongo huvimba na kulinyanyua. Ukuta uliobanwa kati ya jamvi na boriti hapo hugeuka jeki: boriti husukumwa juu, milango ya ghorofani hukwama, bodi za jipsamu zinazofunika kuta hupasuka, na mwenye nyumba huhangaika kutafuta kosa juu ilhali liko chini ya miguu yake.

Ufundi wenyewe ni wa busara kubwa. Ubao uliotiwa dawa ya kuzuia kuoza, kwa kuwa zege hupitisha unyevu, hufungwa kwenye jamvi. Juu yake, baada ya ule uwazi, huja ubao wa chini wa fremu, uliotobolewa matundu; misumari mirefu na minene hupitishwa katika matundu hayo bila kubana na kupigiliwa kwenye ubao wa jamvini peke yake. Misumari huuzuia ukuta usiyumbe, lakini jamvi likipanda, hupanda nalo ikiteleza ndani ya matundu, na fremu hubaki ilipo. Bila shaka njia hii ni ya kuta za kugawa vyumba tu, zisizobeba mzigo wowote.

Hatari kubwa huja mwishoni, wakati wa kupamba. Jipsamu haina budi kuishia juu ya uwazi, fremu za milango ziachiwe nafasi, na sketingi, ule ubao mwembamba wa kupamba chini ya ukuta, ipigiliwe kwenye ubao mmoja tu kati ya hizo mbili. Fundi akiipigilia kwenye mbao zote mbili, huwa ameufunga tena ukuta na sakafu, na jamvi litakapopanda, kitakachopasuka kwanza ni ile sketingi yenyewe au ukuta ulio juu yake.